Kabati la bibi

Jumapili, usiku.

Mikono yanuka nta na tapentaini, na chini ya kucha kuna kijani ambacho hata ndimu imeshindwa kukitoa. Ni kijani cha rangi ya zamani. Kabati limekwisha, liko ukumbini.

Ni kabati la vyombo la marehemu bibi. Limekaa chumba cha chini cha nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, tangu kabla sijazaliwa. Mbao zake ni mvule, lakini mvule wenyewe ulikuwa hauonekani, kwani mjomba aliwahi kulipaka rangi ya mafuta ya kijani kikali na kuingaza kama sahani. Kwa unyevu na chumvi ya bahari, rangi ile ikafanya malengelenge, kisha ikaanza kubabuka vipande vipande. Mama alishakata shauri: akipita wa mkokoteni anayenunua vyombo vikuukuu, amwite alichukue.

"Mama, niachie mwezi mmoja tu."

"Walitakia nini? Hili limekula umri wake, mwanangu."

"Nalipaka rangi ya chaki."

"Mvule haupakwi rangi." Akanyamaza kidogo. "Na mjomba wako nilimwambia hivyo hivyo."

Mama ana haki. Kile kiti cha bibi cha mvule, chenye nakshi mgongoni, sitakigusa kwa brashi maisha yangu yote. Mbao iliyo nzima huachwa ijioneshe. Kabati lilikuwa habari nyingine: lilishapakwa, na sehemu ya juu ilishaharibiwa na maji yaliyovuja darini. Nilichokuwa nataka kufunika si mti, ni rangi mbaya.

Wengi husikia rangi ya chaki wakadhani ni ile ya ubao wa darasani. Sivyo. Hii ni rangi nzito isiyong'aa, aliyoitengeneza Annie Sloan huko Uingereza mwaka 1990 na kuiita Chalk Paint. Raha yake ni kwamba hushika juu ya mbao, chuma, hata rangi kuukuu, bila kulazimika kusugua hadi mbao iwe tupu wala kutanguliza rangi ya msingi. Ukishapaka, unaifunika kwa nta. Kopo la asili ni ghali kwangu, kwa hiyo nilichanganya yangu: vikombe 3 vya rangi ya maji isiyong'aa, kikombe 1 cha unga wa jasi (plasta ya Paris) na kikombe 1 cha maji. Jasi huvurugwa na maji kwanza hadi mabonge yaishe, ndipo rangi itiwe.

Na jasi haisubiri mtu. Mchanganyiko wa kwanza niliuacha nikaenda kumfungulia mgeni mlango, maneno yakawa mengi, niliporudi brashi ilikuwa imesimama wima katikati ya kopo. Nilitupa vyote viwili. Tangu hapo nachanganya kiasi cha kumaliza kwa mkupuo mmoja.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesugua yale malengelenge kwa msasa wa maji. Nasisitiza maji. Rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta, hasa nyumba ikiwa na watoto. Vumbi la mvule nalo huwasha pua na ngozi. Nilijifunga leso mdomoni na bado nilipiga chafya hadi usiku.

Rangi niliyochagua ni nyeupe iliyopoa, kama nazi iliyokunwa ikakaa kidogo. Dada alipendekeza buluu. Nilikataa, maana tangu kaunti ilipoagiza mwaka 2018 majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, buluu naiona ya kutosha barabarani.

Mkono wa kwanza ulikauka upesi, nikalala kwa furaha. Asubuhi nikakuta madoa ya manjano yamejitokeza juu, pale mbao ilipokuwa wazi, mfano wa chai iliyomwagika kitambaani. Nikapaka tena. Yakatoka tena. Nikaenda mtaa wa Majengo kwa fundi seremala mmoja mzee, nikamwonesha picha kwenye simu. Hakuitazama sana.

"Mvule una mafuta yake, mwanangu. Usipoyafungia ndani yatatoka tu, hata upake mara kumi."

Akanipa shelaki, vile vijiganda vya kahawia ambavyo mafundi huviloweka katika spiriti kutengenezea polishi. Mikono miwili ya hiyo, nikaacha ikauke, kisha rangi juu yake. Madoa hayajarudi hadi leo. Natamani ningemwendea kabla ya kununua hata brashi.

Kuna jambo nililiona jana jioni nikitoka barabara ya Ndia Kuu. Kuta za nyumba zetu za zamani ni za matumbawe yaliyopigwa chokaa, na chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Jua la alasiri likiupiga ukuta ule, haulirudishi machoni, linatua tu. Nilirudi nyumbani, nikafungua dirisha la ukumbi, mwanga ukaangukia mlango wa kabati, nikaona utuo ule ule. Nilikaa kitako sakafuni nikalitazama hadi adhana ya magharibi. Ile rangi ya kijani ilikuwa ikipigana na nyumba miaka yote hiyo, nasi tukidhani kabati ndilo baya.

Nta nimeipaka leo kwa kitambaa cha pamba, nyembamba sana, na kuisugua. Kaskazi bado inavuma na joto ni kali, kwa hiyo nta inachukua muda kukaza. Kukomaa kabisa yataka wiki kadhaa. Sehemu ya juu sikuitia nta kabisa. Birika la kahawa moto lingeacha duara siku ya kwanza. Pale nimepaka vanishi ya maji isiyong'aa, mikono mitatu.

Ndani sikupaka kitu. Mama alipolifungua, harufu ya udi wa bibi ilikuwa bado imo kwenye mbao. Aliingiza kichwa, akakaa hivyo muda. Sikumsemesha.

Baadaye akaleta leso kuukuu, akaikunja mara nne, akaitandika rafu ya kati. Akaanza kurudisha vikombe vya kahawa, kimoja kimoja, masikio yote yakielekea upande mmoja kama alivyovipanga bibi.

"Na huku nje," akauliza, "naruhusiwa kushika lini?"