Madumu Mawili

Oktoba 1999 redio za Masasi zilikuwa na habari moja, ugonjwa wa Mwalimu Nyerere kule London, na mjomba aliahirisha safari yetu mara mbili kwa sababu hiyo. Alisema haifai mtu kuwa porini habari mbaya ikifika. Mara ya tatu korosho ndizo zilizoamua. Zilikuwa zimeanza kudondoka shambani kwake, upande wa pili wa Newala, na korosho ikilala sana chini huokotwa na mwingine.

Tukaondoka kabla ya adhana ya alfajiri, kila mtu na baiskeli yake ya Phoenix. Ya mjomba ilikuwa ya umri wangu, miaka 20 hivi, fremu yote ameizungushia mpira wa tyubu kuukuu isichubuke rangi. Yangu ilikuwa ya kuazima, breki ya nyuma mpaka uibembeleze. Keria imebeba jamvi, pampu na kikopo cha solusheni. Maji, chupa moja moja.

Mwanzo wa njia ni raha tupu. Unaiacha ile milima ya mawe ya Masasi nyuma yako, unapita mihogo na mbaazi, barabara ya vumbi inainuka kidogo na kushuka kidogo, na harufu ya mabibo yaliyoiva inakufuata kila penye mikorosho. Mimi nilikuwa nakanyaga kama niko mashindanoni. Nilimpita mjomba, nikamsubiri chini ya mti, nikanywa maji. Nikampita tena, nikanywa tena. Tulipolivuka bonde la Mwiti chupa yangu ilikuwa tupu. Yake alikuwa ameilamba tu.

Kisha ukaja mlima wenyewe. Anayetoka Mtwara hauoni, maana uwanda wa Makonde unapanda polepole kuanzia baharini na mtu anafika Newala bila kujua amepanda kiasi gani. Sisi wa Masasi tunaukuta umesimama mbele yetu kama ukuta. Phoenix haina gia. Tulishuka tukasukuma, kona baada ya kona, jua likiwa utosini. Wanawake wenye ndoo kichwani walitupita. Mmoja, pekupeku, alikuwa ameweka majani mabichi juu ya maji yasimwagike, wala hakuwa anahema. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akapotea kwenye kona. Sikujiuliza anayapeleka wapi.

Juu kabisa, kwenye nyumba ya kwanza yenye bati, nilipiga hodi kabla mjomba hajafika. Akatoka bibi mmoja mwenye chale usoni na tundu la ndonya kwenye mdomo wa juu.

"Shikamoo bibi. Naomba maji."

"Marahaba mjukuu wangu."

Akafungua fundo la kanga, akatoa ufunguo. Uani palikuwa na kisima cha saruji, kile cha kuvunia maji ya mvua kutoka kwenye bati, na mfuniko wake ulikuwa na kufuli. Aliteremsha kindoo kwa kamba, kamba ikaenda, ikaenda, halafu nikasikia bati likigonga saruji: ngo! Akakiinamisha, akakivuta huku na huku kule chini kama anayekomba sufuria. Kilipanda na maji yasiyofika nusu, yenye rangi ya chai ya rangi.

Akanijazia bakuli. Nikanywa. Niliposhiba, yaliyobaki nikajimwagia kichwani na usoni, nikajipangusa kwa mikono miwili, nikasema ahaa.

Bibi hakusema neno. Alikuwa anaitazama ile alama ya maji mchangani, ambayo ilikuwa inakauka tayari. Mchanga wa kule juu ndivyo ulivyo, hunywa kila kitu. Ndiyo maana uwanda ule hauna mto wala kijito. Mvua huzama moja kwa moja, na maji hujitokeza chini mabondeni. Bomba likikatika, watu hushuka kuyafuata. Na Oktoba mvua bado iko mbali. Haya yote nilisoma shuleni, tena nikapata alama nzuri.

Mjomba alikuwa amesimama na baiskeli yake mlangoni. Ameona yote. Alimsalimia bibi, akaulizwa habari za Mwalimu, akasema bado, wanaomba tu. Kisha akasema, "Mama, tuazime madumu mawili."

"Ya nini tena? Nendeni zenu, njia ni ndefu."

"Huyu mjomba wangu anashuka kuchota."

Nilidhani anatania. Baiskeli yake aliiacha uani kama rehani, tukarudi tulikotoka. Kushuka, ile breki ilinuka mpira ulioungua. Chini, kwenye kisima cha bondeni, tulipanga foleni nyuma ya wanawake, na kuna waliocheka kuona wanaume. Lita 20 mara mbili, ni kilo 40 juu ya keria. Tairi la mbele likawa linainuka lenyewe kila nikilegea. Mimi nilishika usukani, mjomba akasukuma kwa nyuma, na kuanzia chini mpaka juu sikumsikia akisema chochote zaidi ya "kona".

Jua lilikuwa linazama tulipoyamimina kisimani. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. Newala tena haikuwezekana siku ile. Bibi alishapika ugali wa muhogo na kisamvu, na jamvi letu likatandikwa barazani.

Akaja na kata kutunawisha. Mjomba kwanza, kisha mimi. Yalipogusa tu vidole nikarudisha mikono haraka, nikasema yametosha bibi, yametosha.

Akacheka mpaka kata ikatikisika. "Nawa, mjukuu wangu. Hayo umeyaleta mwenyewe."