Umaskini si kisingizio? Njoo Januari usimame kaunta kwangu

Matokeo yakitoka tu, vijiwe vya huku Tanga vinagawanyika timu mbili. Timu ya kwanza inasema walimu wa siku hizi wanashinda na simu, umaskini si kisingizio, mbona fulani kakua analala njaa na leo ni daktari. Timu ya pili inasema waacheni walimu wa watu, mtoto akitoka nyumba ya shida hata umshushie malaika afundishe haingii kitu. Na tusijione tuko peke yetu, Marekani wanabishana hivi hivi toka 1966 ilipotoka ripoti ya mtafiti wao mmoja, Coleman, kwamba hali ya nyumbani inaeleza tofauti za alama kuliko majengo na vifaa vya shule. 2002 rais wao George W. Bush akasaini sheria kwamba ikifika 2014 kila mtoto awe amefikia kiwango kwenye kusoma na hesabu, mitihani kila mwaka, shule inayobaki nyuma inabanwa. 2014 ikafika ikapita, watoto wa maskini bado wako nyuma, na 2015 sheria ikabadilishwa ikaletwa nyingine. Na hao wana hela bwana.

Mi sina digrii ya elimu, nina kaduka ka stesheneri Makorora, lakini Januari pale kaunta unajifunza mambo. Anakuja mama ana listi ya ingilishi midiamu imechapwa vizuri, rimu, kalamu za rangi, madaftari dazeni mbili, analipa kwa simu huyo anaondoka. Nyuma yake kuna bibi na mjukuu kachaguliwa kidato cha kwanza. Shikamoo bibi, marahaba mwanangu, nipe kaunta buku nne kwanza, mengine mama yake akituma. Masomo ni zaidi ya nane. Sa mnajua wanafanyaje? Daftari moja masomo mawili, mbele bailojia, ukiligeuza kwa nyuma jiografia. Inaonekana akili kweli, ila ngoja mwalimu wa bailojia akusanye madaftari kusahihisha, wiki nzima yako ofisini, mwalimu wa jiografia anaingia darasani mtoto hana pa kuandika anaandika kwenye karatasi, karatasi inapotea, na yule mwalimu hajui yote hayo, anaona tu mtoto hana notisi anamchapa. Mwisho wa muhula anapata 18 afu tunaambiana huyu hana akili ya darasani. Hiyo ni umaskini au ni mwalimu? Mi naona ni vyote viwili vimeingiliana kwenye daftari moja, na ndo maana hizi timu zinanichosha.

Halafu lugha. Mtoto wa kayumba, yani shule ya msingi ya serikali, kasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza kila kitu Kiingereza, kakaa dawati moja na aliyesoma kwa Kiingereza toka chekechea. Mtihani wao mmoja. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta Kiingereza kama somo toka darasa la kwanza, sawa, na huku sekondari kuna mkondo wa amali, yani wa ufundi na kazi za mikono, sawa, sipingi, lakini hao watoto tutawaona matunda yao baadaye sana na huyu wa bibi yuko darasani leo.

Twisheni sasa, hapa najua nitagombana na watu. Mnaosema walimu wavivu mnakosea, nawaona jioni wakija kutoa kopi za maswali dukani kwangu, wanafanya kazi mpaka usiku. Tatizo ni kazi ile inafanyika wapi. Baadhi yao, sijasema wote, mada ngumu asubuhi inagusiwa juu juu na jioni inafundishwa vizuri kabisa kwa mwenye hela ya twisheni. Mshahara haumtoshi, namuelewa, angekuwa ndugu yangu ningemtetea. Ila yule aliyebaki na ile ya asubuhi ndo huyo huyo mwenye daftari la mbele na nyuma, na ndo huyo huyo ambaye maji ya bamvua yakitoka anaenda na mama yake pwani kuchokoa pweza kwa sababu pweza ndo hela ya nyumba, na kwenye rejista anaandikwa mtoro.

Kupanga shule nani wa kwanza nani wa mwisho tulifanya kwelikweli enzi za ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa 2013, baada ya yale matokeo ya kidato cha nne ya 2012 ambayo zaidi ya nusu walikula sifuri, na Januari 2023 NECTA, baraza la mitihani, wakaacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Poa. Kijiweni wanaendelea kupanga wenyewe.

Kitu kilichonifanya niache kushabikia timu ni jaribio lililofanyika hapa hapa Tanzania, shule za msingi 350, mwaka 2013 na 2014. Shule nyingine zikapewa hela tu, shilingi 10,000 kwa kila mtoto, nyingine walimu wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, nyingine zikapewa vyote. Zilizopewa hela tu vitabu viliongezeka, alama hazikupanda. Bonasi peke yake ikaleta matokeo ya kusuasua. Vyote kwa pamoja watoto wakapanda wazi kabisa. Yani timu zote mbili zilikuwa na nusu ya jibu na kila moja inapigia kelele nusu yake.

Na hiyo 10,000 msidhani ni ya mwezi. Ndo ruzuku ya mtoto wa msingi kwa mwaka mzima, na elimu bila ada ilipokuja 2016 ikawa 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika 6,000. Gawanya kwa siku za masomo unapata kama shilingi 30, haifiki nusu ya andazi. Sijasema elimu bila ada mbaya, ilijaza madarasa na watoto ambao wangebaki mtaani. Ila watu tukaisikia kama tusitoe hata mia, Januari 2018 Magufuli akapiga marufuku michango, na shule ninayoijua mimi uji wa watoto uliokuwa unapikwa kwa michango hiyo ukafa siku hiyo hiyo. Baadae wazazi wakaruhusiwa kukubaliana wenyewe, uji ukarudi, lakini umerudi kwa majina, aliyelipiwa anakunywa, ambaye hajalipiwa anaambiwa akacheze nje kidogo. Ukimrudisha darasani saa tano kufundishwa hesabu za sehemu, mtoto wa namna hiyo unamfundisha nini?

Juzi kwenye kikao cha wazazi nikasema watoto wote wanywe uji, tunaoweza tuongeze kidogo tuwafidie wasioweza. Baba mmoja akadakia, mi wangu nishamlipia, wa jirani ananihusu nini. Watu wakacheka. Mzee mwingine akaniambia we unaongea hivyo kwa sababu una duka. Nikamwambia ndiyo mzee wangu nina duka, na ndo maana nawajua kwa sura ambao hawana. Mwenyekiti akaona moto unawaka akaahirisha mpaka mwezi ujao.