Ile wiki Mwinyi alipofunga macho

Miaka ile nakaa Philadelphia na dada yangu na mwanae, vyumba viwili juu ya saluni. Siku moja msimu wa joto mpwa wangu karudi na kobe wawili wadogo wadogo, unawabeba wote kwenye kiganja kimoja, kuna jamaa alikuwa anawauza pembeni ya barabara, dola 20 wote wawili pamoja na kibakuli cha plastiki chenye mnazi wa plastiki katikati. Dada alitaka virudishwe saa ile ile. Mimi ule mnazi ndo uliniponza, mtu wa Tanga naona mnazi Philadelphia nitakataaje. Mmoja tukamwita Mwinyi sababu ya maringo yake, mwingine hakuwahi kupata jina.

Sasa mimi kobe ninayemjua ni yule wa nchi kavu, unamtupia mchicha anakula anaenda zake, na kasa ni wa baharini huyo hafugwi. Hawa wa maji baridi wenye alama nyekundu nyuma ya jicho nikawafuga kwa akili za nyumbani: letusi, mkate, maji ya bomba, halafu nikawaweka dirishani wapate jua. Nilijiona mjanja sana na lile dirisha.

Winta ilivyoingia yule asiye na jina akafa. Tukasema bahati mbaya. Wiki mbili baadae Mwinyi akagoma kula, macho yamevimba kama kang'atwa na nyuki, hayafunguki, gamba ukiligusa linabonyea. Mpwa wangu analia, "Mjomba fanya kitu," na mimi nikampigia mama Tanga, maana ndo nilivyozoea, ukikwama unampigia mama. Akaniambia, "Mwanangu, watu wanakusubiri utume hela za ada za wadogo zako wewe unanipigia kwa ajili ya kobe?" Kisha baada ya dakika kumi akapiga yeye: "Amekula?"

Nikampeleka kwa daktari wa wanyama nimemfunga kwenye soksi ya sufu ndani ya koti. Mama wa makamo, mpole, ila maswali yake yaliniumbua. Wanakula nini? Letusi. Akatikisa kichwa, letusi karibu yote ni maji, macho yale yalikuwa yamekosa vitamini A. Jua wanapata wapi? Dirishani. Hapo ndo akanimaliza, kioo cha dirisha kinazuia ile miale ya UVB ambayo kobe anaihitaji atengeneze vitamini D na kukaza gamba, kwa hiyo miezi minne yote nilikuwa nawaonesha mwanga tu. Umewanunua wapi? Nikamwambia. Akasema kuuza kobe mwenye gamba chini ya inchi nne ni marufuku Marekani tangu 1975, sababu watoto walikuwa wanawatia mdomoni wanaugua salmonela, bakteria wa kuharisha. Nikamkumbuka mpwa wangu anavyombusu Mwinyi kila akienda shule, nikanyamaza.

Sindano, dawa ya macho, na bili ambayo dada hajawahi kuiona mpaka leo na naomba asiisome hapa. Kobe wa dola kumi! Nikanunua tanki la mtumba la galoni 20, hita ya kuweka maji nyuzi 26, filta, taa ya joto na taa ya UVB, tofali nikaliokota nyuma ya saluni nikalichemsha ndo likawa kisiwa chake. Kila siku namsafisha macho kwa pamba, nanawa mikono kwa sabuni, namrudisha, namwekea vipande vya minyoo na karoti ndani ya maji, maana nchi kavu hawezi kumeza. Hali kitu. Usiku taa ikizimwa nakaa nasikiliza kama kuna mtikisiko wa maji.

Siku ya tisa natoka kazini zamu ya usiku nakuta yuko juu ya tofali, miguu ya nyuma kainyoosha kama mzee kwenye baraza, jicho moja limefunguka kidogo linaniangalia vibaya. Nikapiga picha nikamtumia mama kabla sijavua hata koti. Akajibu, "Alhamdulillah. Sasa tuma na ada."

Mwinyi sasa hivi ni mkubwa kama sahani na tanki lile la kwanza alishalipita zamani. Kucha za mbele zimebaki fupi, na dume kucha zake zinarefuka, kwa hiyo Mwinyi ni jike. Jina hatujabadilisha.