Alfajiri ya Pasaka Makaburini

Pasaka ya mwaka 1991, mwaka ambao Wamoravian wa Rungwe walitimiza miaka 100 tangu wamisionari wao wa kwanza wafike kutoka Ujerumani, nilimsindikiza bibi mzaa mama kwenye ibada ya alfajiri. Kwa desturi ya kanisa letu, waumini hukusanyika makaburini kungali giza, ili jua liwakute wakiutangaza ufufuko mahali pale pale walipowalaza wapendwa wao. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, kama ilivyo kawaida ya Tukuyu mwezi wa Machi.

Bibi alisimama kwenye kaburi la mama mkwe wake, ambalo jana yake alikuwa amelipalilia na kuyapaka chokaa mawe yake moja moja, baada ya kuyasugua kwa gunzi la mahindi hadi ukoga wote ukatoka. Kaburi la babu hakuwa nalo. Babu alikwenda Wenela, kuchimba dhahabu Afrika Kusini, kama vijana wengi wa Rungwe wa rika lake; barua zikaja, kisha zikakoma. Wazee wa kanisa walimwambia bibi kwamba hakuna atakayemlaumu akiolewa tena, lakini akabaki kwa wakwe zake, akamuuguza mama mkwe hadi alipofariki.

Wakati huo nilikuwa na mchumba Dar es Salaam, na mashaka yalikuwa mengi. Matarumbeta yalipotulia nikamwuliza kama hakuwahi kuona kwamba Mungu amemnyamazia.

"Mjukuu wangu, nilipoapa sikusema nitakuwa mwaminifu babu yako akirudi. Nilisema nitakuwa mwaminifu. Kuna siku nililia, kuna siku nilimkasirikia Mungu, na kulipokucha nikaenda shambani."

Mahubiri yanayomwahidi kila aaminiye malipo ya haraka hunisikitisha hadi leo, kwa kuwa hayana nafasi ya mtu kama yeye, ambaye hakuligeuza agano lake kuwa deni la kumdai Mungu. Wala sisemi kila mwanamke aliyeachwa angoje: mdogo wake bibi, ambaye mumewe alipotea vivyo hivyo, aliolewa tena, na bibi ndiye aliyeongoza vigelegele.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza habari za mchumba wangu. Hakuuliza kama ananipenda. Aliuliza kama niko tayari kumuuguza. Nilimjibu kwamba niko tayari, na mwaka huohuo tukafunga ndoa.