Vekta moja, sehemu mbili

Swali la leo limetoka dawati la nyuma, kwa binti ambaye kwa kawaida hasemi sana: "Mwalimu, vekta hii iko huku na ile iko kule. Inakuwaje tunasema ni moja?" Vekta ni kama mshale: ina urefu na mwelekeo. Swali hilo nimelipenda mno. Wengi hunakili kanuni, wakafaulu, na swali hilo lisiwapitie kichwani hata siku moja.

Ubaoni lisingejibika vizuri. Ubao ni bapa, na mshale unaopanda kwenda darini unaweza kuchoreka sawasawa na ule unaolala sakafuni. Tukaacha chaki, tukaifanya kona ya darasa kuwa chanzo, yaani (0, 0, 0): chini ya ukuta wa mlango ni x, chini ya ukuta wa madirisha ni y, na pale kuta mbili zinapokutana kupanda juu ni z. Madirisha tuliyafunga, maana upepo huu wa Dodoma wa kiangazi hauachi uzi ukatulia.

Uzi wa kwanza ulianzia (100, 50, 80), kwa sentimita, ukaishia (220, 130, 170). Mwanzo tuliufunga kwenye mgongo wa kiti; mwisho aliushika kijana mrefu kwenye mpini wa ufagio. Ukitoa majira ya mwanzo, yaani namba zake tatu za x, y na z, kwenye ya mwisho unapata vekta (120, 80, 90). Kisha nikaweka tofali sakafuni, kwenye (250, 200, 0).

"Haya mwanangu, vekta ileile ianzie hapa kwenye tofali. Itaishia wapi?"

Akajumlisha kimoyomoyo: "(370, 280, 90), mwalimu."

Tukauvuta uzi wa pili hadi hapo. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama kuanzia kwenye tofali mpaka mwisho, kisha akautazama ule wa kwanza. Sambamba kabisa. Jumla ya miraba ya 120, 80 na 90 ni 28,900, na kipeuo chake cha pili ni 170. Futi nayo ikasema 170 kwa nyuzi zote mbili.

Uzi wa tatu ndio uliowanyamazisha. Ulitoka (250, 200, 90) ukashuka hadi (370, 280, 0). Urefu ni 170 vilevile, na ukiutazama kutoka juu unapita juu ya mstari uleule wa sakafuni. Lakini tofauti yake ni (120, 80, -90). Hiyo ni vekta nyingine kabisa! Katika pande tatu jicho halitoshi kuwa shahidi. Lazima namba zote tatu zilingane, pamoja na alama zake.

Mwitaliano Giusto Bellavitis alilijenga wazo hili mwaka 1835: vipande viwili vya mstari vyenye urefu mmoja, vilivyo sambamba na vinavyoelekea upande mmoja, vihesabiwe kuwa sawa popote vilipo. Kwangu huo ni uamuzi wa kijasiri. Aliamua mahali pasihesabiwe, na hesabu nyingi zikawa nyepesi.

Hata hivyo wanaosoma fizikia niliwatahadharisha. Sukuma mlango karibu na bawaba, kisha usukume kwenye kitasa kwa nguvu ileile na upande uleule. Vekta ni sawa, ila mlango hauitikii sawa, kwa sababu hapo mahali nguvu inaposhika pana kazi yake.

Kesho nawapa nukta tatu, A(1, 2, 0), B(3, 5, 1) na C(6, 4, 4), watafute ya nne, D, ili zote zifanye msambamba, yaani umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba. Nitawaambia mpangilio wa herufi hawajapewa. Najua wengi watasawazisha AB na DC, wapate (4, 1, 3) na kuweka kalamu chini. Ni sahihi, lakini (8, 7, 5) nayo inafaa, na (-2, 3, -3) pia. Nataka wazipate zote tatu wenyewe, na waniambie katika kila moja ni vekta ipi iliyolingana na ipi.