Wakazi hawana mwamko? Hapana, wamepiga hesabu tu

Kuna kauli naisikia sana kwa watu wa mipango miji, eti wananchi hawana mwamko. Mkutano umeitishwa, viti vimepangwa, ramani imebandikwa ukutani, wanakuja watu wachache na nusu yao ni wale wale wa kila siku, basi afisa anarudi ofisini anaandika kwenye ripoti kwamba jamii inahitaji kupewa elimu zaidi. Mi hiyo kauli siikubali kabisa. Hao hao mnaosema hawana mwamko, hebu gusa mpaka wa kiwanja chao uone, watakuwa mlangoni kwako kabla hujafungua ofisi na nyaraka zote wamezishika mkononi. Mwamko upo, ila hawaoni kwa nini waupoteze kwenye mkutano wako.

Mtu akisikia tangazo la mkutano wa mpango wa mji kichwani anapiga hesabu fasta sana. Nikienda kuna kitu kitabadilika, au ishaamuliwa huko na mimi naitwa kusaini karatasi ya mahudhurio? Hesabu yenyewe wala si ngumu, kwa sababu wengi washawahi kwenda mara moja, wakasema ya kwao, yakaandikwa kwenye daftari, na daftari halijaonekana tena. Mmarekani mmoja, Sherry Arnstein, mwaka 1969 aliuchora ushirikishwaji kama ngazi ya vidato 8, chini kabisa kuna kuwazuga watu, katikati kuna kuwapa taarifa na kuwauliza maoni, juu ndo wakazi wanashika maamuzi wenyewe. Yale anayoyaita kuuliza maoni kayaweka kwenye kundi la geresha kama hakuna uhakika kwamba maoni yatafanyiwa kazi. Zaidi ya miaka 50 imepita na mikutano mingi bado imekaa pale pale kwenye kidato cha nne cha ngazi hiyo, kile cha kuuliza maoni.

Mfano ninaoupenda ni wa Porto Alegre kule Brazil, na naupenda kwa sababu ya mwanzo wake mbovu, maana watu wakiusimulia huwa wanaruka hapo. Mwaka 1989 Chama cha Wafanyakazi kilipoingia kuongoza jiji kikaanzisha utaratibu wa wakazi kupanga wenyewe bajeti ya miradi, mtaa unasema unataka nini kwanza, lami, maji au bomba la majitaka, halafu wanachagua wawakilishi wa kwenda kubishana na wa mitaa mingine. Mwaka wa kwanza waliojitokeza hawakufika hata elfu moja, kwenye jiji lenye watu zaidi ya milioni! Na mbaya zaidi hela hakuna, karibu mapato yote yalikuwa yanaishia kwenye mishahara, kwa hiyo vitu vingi walivyochagua havikujengwa, watu wakanuna. Sasa hapo wengine wangeleta semina ya uelewa. Wao wakarekebisha kodi, hela ikapatikana, wakaanza kujenga vile vile watu walivyoviomba, na miaka iliyofuata mahudhurio yakapanda mara kadhaa mpaka yakawa maelfu. Kaya zilizounganishwa na maji na majitaka zilikuwa asilimia 75 mwaka 1988, kufika 1997 ni asilimia 98. Ukiona bomba limefika mtaa wa pili kwa sababu wenzako walienda mkutanoni na nyie mlibaki majumbani, nadhani hakuna kipaza sauti kinachoweza kukutoa nyumbani kama hiyo.

Na ilivyopanda ndivyo ilivyoshuka. Miaka ya 2000 fedha zikawa finyu, miradi iliyopitishwa ikawa inachelewa, watu wakaanza kupungua, mwisho 2017 jiji likausimamisha utaratibu wenyewe. Wakazi ni wale wale, elimu yao ile ile, kilichobadilika ni kama neno lao lina uzito au halina.

Jambo la pili ni ramani, na hapa naomba nikae kidogo maana watu wa fani hawalioni kabisa. Unamsimamisha mtu mbele ya ramani ya jiji zima, skeli ya 1 kwa 10,000, njano ni makazi, zambarau viwanda, kijani maeneo ya wazi, ufunguo wa kueleza rangi umebanwa kwenye kona kwa maandishi madogoo. Kwa skeli hiyo nyumba yenye upana wa mita 10 ni milimita 1. Yaani unamuuliza mtu maoni kuhusu milimita moja ambayo haioni, alafu akinyamaza unasema ameridhia.

Niliwahi kuhudhuria kikao cha namna hiyo, kimya kabisa, watu wanaangalia simu. Kijana mmoja wa upimaji akaenda kwenye gari akaleta picha ya angani ya mtaa ule tu, kubwa, akaitandaza mezani badala ya kuining'iniza ukutani. Mama mmoja akasogea, akaanzia kwenye paa la shule kwa kidole, akafuata njia, akahesabu kona, akasema hapa ndo kwangu. Akatulia kidogo, akauliza, na huu mstari mwekundu unaopita jikoni kwangu ni nini? Basi chumba kizima kikahamia mezani. Ulikuwa ni mstari wa barabara ya mkusanyo, yaani ile inayokusanya magari ya vijia vya mtaa kuyapeleka barabara kuu, na ndani ya dakika chache watu walishamuonyesha yule kijana kwamba akiusogeza upande wa mtaro anaepuka karibu nyumba zote, na kwamba huo mtaro wenyewe kwenye ramani umechorwa mahali ambapo maji hayajawahi kupita. Wale ndo walikuwa hawana mwamko.

Kwa hiyo shusha ukubwa. Karachi kule Pakistan, eneo la Orangi, mradi alioanzisha Akhtar Hameed Khan mwaka 1980 haukuanza na mpango wa jiji, ulianza na kichochoro, nyumba 20 mpaka 30 hivi zinazotazamana. Watu wa kichochoro kimoja wanajuana, wanajua nani anamwaga maji machafu kwa nani, wakachanga wenyewe wakachimba na kulaza mabomba ya majitaka kwa usaidizi wa kitaalamu tu, na kichochoro cha jirani kikaona kikaiga. Mtu anaweza asijali hata kidogo kuhusu dira ya jiji ya miaka 20 ijayo ila harufu ya mbele ya mlango wake anaijali leo. Ukianzia hapo kwenye harufu, polepole ataanza kuuliza bomba la kichochoro chake linamwaga wapi, na hapo tayari mnaongelea mpango wa jiji bila yeye kuambiwa kwamba ni mpango wa jiji.

Halafu kuna woga, na huu hauongelewi vizuri. Kama huna hati ya kiwanja, au umepanga chumba, kujitokeza kwenye mkutano wa mipango ni kama kujitangaza. Mpangaji anajua mtaa ukipendeza kodi inapanda na yeye anahama, sasa aje kushangilia taa za barabarani kwa faida ya nani? Watafiti waliopitia kumbukumbu za mikutano ya mipango na ujenzi kwenye miji ya Massachusetts, Marekani, walikuta wanaosimama kuongea ni wenye umri mkubwa zaidi, wanaume zaidi na wenye nyumba zaidi kuliko wakazi wa kawaida wa maeneo hayo, na wengi wao wamekuja kupinga nyumba mpya zisijengwe. Mkutano ukiwa wazi kwa kila mtu haimaanishi kila mtu anaweza kuja, hilo tukubaliane.

Ndo maana Mukuru, makazi ya mabanda pale Nairobi, naona kuna la kujifunza. Kaunti ilipolitangaza kuwa eneo maalum la mipango mwaka 2017, kitu kilichowavuta wakazi kilikuwa ni ahadi ambayo haisikiki mara nyingi kwenye makazi ya namna ile, kwamba mpango unafanyika nyie mkiwepo hapo hapo na wakati unaandaliwa eneo halitaendelezwa kiholela. Kaya zilikuwa kama laki moja, wapangaji wakiwa ndo wengi, na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda, wakapita kupanga watu kwenye vikundi vidogo vidogo mpaka ngazi ya kaya chache. Ilipofika kwenye barabara ikaonekana wazi kwamba ukifuata viwango vya kawaida vya upana utabomoa nyumba za watu wengi mno, kwa hiyo mjadala ukawa barabara gani ipanuliwe na ipi ibaki nyembamba. Hapo mtu hawezi kukaa kimya, kila mita ina jina la mtu.

Muda nao ni gharama, japo kwenye bajeti za mipango hauonekani. Mkutano wa saa nne asubuhi siku ya kazi ni mkutano wa wastaafu na watumishi wa ofisi iliyoitisha, basi. Ujerumani tangu miaka ya 1970 kuna njia ya Peter Dienel ambapo wakazi kama 25 wanachaguliwa kwa bahati nasibu, wanakaa siku kadhaa kwenye suala moja, na wanalipwa kwa muda wao. Kuna wanaosema ukilipa watu unaharibu moyo wa kujitolea, ila angalia wanaosema hivyo, mara nyingi wao wapo pale wakiwa na posho au mshahara wa siku hiyo hiyo. Mambo ya kutuma maoni kwa simu nayo yanasaidia kwa wanaokosa nafasi ya kuja, mi sina neno nayo, ila fomu ya mtandaoni isiyojibiwa ni daftari lile lile limehamia kwenye skrini.

Na hapo kwenye majibu ndo ningeweka nguvu zangu kama ningekuwa na ofisi. Kabla ya mkutano wa pili bandika karatasi pale pale ulipofanyika wa kwanza, upande mmoja hoja ya mkazi kama alivyoisema, upande wa pili mmefanya nini nayo. Imekubaliwa, mstari umesogezwa. Imekataliwa, kwa sababu bomba kuu la maji linapita hapo chini na kulihamisha hatuwezi mwaka huu. Mtu aliyekataliwa kwa sababu inayoeleweka mara nyingi anarudi, tena anarudi na hoja nzuri zaidi na jirani yake mmoja, kwa sababu keshajua kuna mtu anasoma.