Darasa letu liko mtaroni

Nyumbani Mwanza wakisikia nasomea mipango miji Kampala, wanadhani nashinda kwenye kiti nikichora viwanja. Juma lililopita nilikuwa nimevaa gambuti, futi ya kupimia mkononi, nikiufuata mtaro wa Nakivubo toka upande wa soko la Owino hadi Namuwongo. Mwalimu ametupa swali moja kwa muhula mzima: maji ya mji huu yanaishia wapi?

Jibu lilinikata hamu ya kunywa. Ya mtaro huu yanaishia kwenye ghuba ya Murchison, Ziwa Victoria, na kwenye ghuba hiyohiyo, pale Ggaba, ndiko Kampala inakovuta sehemu kubwa ya maji yake ya bomba. Kati ya mtaro na ziwa kuna bonde la mafunjo lililokuwa likiyachuja. Sasa sehemu kubwa ni mashamba ya magimbi, na nyumba zinazidi kuteremkia bondeni.

Namuwongo nilimsalimia mama mmoja kwa Kiswahili changu kizuri cha kwetu, nikamuuliza mafuriko hufika wapi. Akanyamaza, akaiangalia ile futi. Mwenzangu Mganda akanivuta pembeni: "Hapa Kiswahili ni cha askari. Anadhani tumekuja kubomoa." Akaongea yeye, kwa Kiganda, mama akacheka mpaka akatuletea viti. Kisha akatuonyesha ukuta wake: mistari ya mkaa, kila mvua kubwa na kimo chake, mmoja unanifika kiunoni. Ramani tuliyopewa chuoni haina hata mstari mmoja wa hiyo.

Kilichonisumbua zaidi ni ardhi. Kwetu ardhi yote ni ya umma, mdhamini wake Rais. Ugomvi upo, lakini najua pa kuanzia. Huku kuna mailo, umiliki binafsi wa ardhi usio na ukomo, uliotokana na Makubaliano ya Buganda ya 1900. Mtu ana hati, mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima, juu ya ardhi ileile, na sheria inawatambua wote wawili. Ukitaka kupanua mtaro mita mbili tu, unamlipa nani? Tulibishana hadi rolex zetu, chapati za kuviringishia mayai, zikapoa.

Jumanne tunarudi. Safari hii swali nitauliza mwenyewe, nimelikariri: "Amazzi gakoma wa?" Yaani, maji hufika wapi? Futi atabeba mwenzangu.